Mtahini na Swali la Kumi na Nne

Profesa alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa alipogundua kwamba watu wanaopenda mitihani kuliko wote ni wale waliofeli.

Redio ya kinyozi ilikuwa imetangaza kwamba ufaulu wa shule za msingi umepanda tena mwaka huu. Kinyozi akazima mashine, jambo ambalo hafanyi hata mteja akipiga chafya.

"Umepanda!" akasema. "Wangu amefaulu, na hajui kuandika barua."

"Atajulia wapi?" akadakia fundi simu, ambaye alikuwa akisubiri zamu yake. "Siku hizi mtihani ni A, B, C, D. Mtoto anachagua jibu kama anachagua soksi."

"Enzi zetu," akasema mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyekuja pale kila asubuhi kusoma gazeti la bure, "mtihani ulikuwa mtihani. Darasani kwetu tulikuwa hamsini na wawili. Walifaulu wawili."

"Na wewe mzee ulikuwa mmoja wa hao wawili?" akauliza kinyozi.

"Sijasema hivyo."

Hakuna aliyecheka. Wote walitikisa vichwa kwa huzuni na fahari, wakikumbuka mtihani uliowaangusha kwa heshima. Mwandishi wa habari hizi hawezi kuwacheka pia, maana naye alama zake za hesabu zilimfanya awe mwandishi.

Profesa aliwatazama kwenye kioo mmoja mmoja, na mate yakamjaa mdomoni. "Ndugu zangu," akasema polepole, "mngeletewa mtihani wa enzi zile, ule wenyewe, mngewaleta watoto?"

"Leo hii!" akasema kinyozi, akasahau kabisa ule upande wa pili wa kichwa.

Hapa lazima isemwe kwamba Profesa hakuwa profesa. Alikuwa na miwani ya kioo kitupu, mkoba wa ngozi bandia, na mhuri wa mpira wenye ngao ambayo haikuwa ya taasisi yoyote duniani. Aliwahi kuuza nafasi za mbele kwenye foleni isiyokuwepo. Aliwahi kuandaa semina ya kuwatambua matapeli; ada ililipwa mapema na mtoa mada hakutokea. Hakunyoa kwenye mtaa wake mwenyewe, kwa sababu za kikazi. Kinyozi huyu alikuwa mabasi mawili kutoka kwake.

Na shule? Shule aliiacha muhula mmoja kabla ya kumaliza darasa la mwisho la msingi, siku aliporudishiwa karatasi ya mtihani wa majaribio. Mengine yote angeyavumilia, lakini swali la kumi na nne, ambalo alilijibu kwa uhakika kuliko yote, lilikuwa na mkasi, ile alama ya kosa, mwekundu na mkubwa kama dirisha. Jumlisha nusu na theluthi. Alitoka na karatasi ile mfukoni na hakurudi tena. Mpaka leo aliamini kwamba alionewa.

Nyumbani kwake kulikuwa na watu wawili tu. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na alijua kila kitu. Binti yao wa miaka kumi na miwili hakujua lolote. Kila jioni, kabla ya chakula, binti huyo alileta daftari lenye jalada la kijani akaliweka mbele ya baba yake. "Baba, nisahihishie." Profesa akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, akaweka tiki hapa na mkasi pale. Mwalimu wa shule hakuwahi kuacha hata alama moja kwenye daftari lile. "Unaona?" Profesa alizoea kumwambia mkewe. "Walimu wa siku hizi hawasahihishi kazi. Viwango vimeshuka!" Alizipenda sana dakika hizo. Ndizo pekee katika siku nzima ambazo hakutaka kitu cha mtu.

Jioni ile mkewe alimsubiri binti atoke, kisha akatoa pini mdomoni.

"Ile shule ya wasichana yenye maktaba, ulimwahidi wewe, kwa kinywa chako. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi. Ukikosa ada, mtoto ataniuliza kwa nini baba yake profesa hana ada. Na mimi safari hii sidanganyi. Nitamwambia hukumaliza hata shule ya msingi."

"Mama Binti, utanivunjia heshima!"

"Ipi?" akauliza mkewe, akarudisha pini mdomoni.

Basi Profesa akaingia kazini. Mtihani wa enzi zile ulihitaji karatasi za enzi zile, na kinyozi alimwelekeza kwa mwalimu mstaafu aliyepanga chumba nyuma ya ukumbi wa harusi. Mwalimu huyo alikuwa amefundisha miji mitatu tofauti. Sasa alikuwa bibi wa mvi, miwani yake imefungwa kwa uzi wa kofia, na chini ya kitanda alikuwa na sanduku la bati lililojaa karatasi za mitihani ya miaka arobaini. Rafiki yake alikuwa mwenye ukumbi, mjane mnene mcheshi ambaye kila mtu alimwita Mama Ukumbi. Wakati Profesa anabisha hodi, wawili hao walikuwa wakinywa chai.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu mpaka Profesa akakagua zipu yake kwa siri.

Alieleza mradi wake kwa ufasaha. Viwango, taifa, kizazi. Watoto watafanya mtihani halisi, watapata cheti chenye mhuri, na wazazi watachangia ada. Mwalimu atatoa maswali na kusahihisha. Mama Ukumbi atatoa viti.

"Mimi nachukua nusu," akasema Mwalimu.

"Mimi theluthi," akasema Mama Ukumbi. "Viti vyangu vina vitambaa."

Profesa alikuwa amejiandaa kubishana mpaka chai iishe. Lakini kwanza alichukua karatasi, akapiga hesabu kwenye kona. Nusu na theluthi. Juu, moja na moja ni mbili. Chini, mbili na tatu ni tano. Mbili ya tano! Wazee hawa wawili walikuwa wakijipa mbili ya tano kwa pamoja, wanamwachia tatu ya tano yeye peke yake. Alijing'ata ulimi asicheke. Kumbe kuna watu duniani wepesi hivi, na wanaruhusiwa kutembea bila msindikizaji.

"Mnanibana kweli," akasema kwa uso wa msiba. "Lakini kwa ajili ya watoto, nakubali."

Mwalimu alikuwa akiitazama ile kona ya karatasi. Kikombe chake kilikuwa kimesimama njiani, kati ya meza na mdomo.

"Wewe ni profesa wa nini hasa?" akauliza.

"Wa vipimo, Mwalimu."

"Naona," akasema Mwalimu. "Basi andika mkataba kwa mkono wako. Nusu yangu, theluthi ya huyu, inayobaki yako, na fedha zote zikae kwake mpaka siku ya kugawana. Hapo hapo, chini ya hesabu zako. Na karatasi nitaitunza mimi."

Tangazo lilibandikwa kwa kinyozi: MTIHANI WA ENZI ZILE. HAKUNA KUCHAGUA. HAKUNA HURUMA. Neno huruma ndilo lililowaleta. Kila mzazi alitaka ukali, na kila mzazi aliutaka kwa watoto wa wenzake. Fundi simu alileta watatu. Akauliza kama mtihani ni mgumu kweli, akahakikishiwa. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama kuna namna.

Watoto arobaini walikaa kwenye viti vya harusi vyenye vitambaa vyeupe na mafundo ya utepe mgongoni, wakatafuna penseli. Wazazi walichungulia madirishani na kuguna kwa raha kila mtoto alipojikuna kichwa.

Siku ya matokeo, Profesa alifanya kosa lake la kwanza. Karatasi zilikuwa bado kwa Mwalimu, lakini yeye hakuona sababu ya kuzisubiri. Kwa uzoefu wake mteja hufurahi akipewa anachotaka, kwa hiyo akabandika orodha: wote wamefaulu.

Ukumbi ulilipuka.

"Wote?" akapaza sauti kinyozi. "Hata watoto wa fundi simu?"

"Hata wa kinyozi?" akajibu fundi simu, akiwa ameudhika zaidi.

"Huu nao ni mtihani?" akasema mzee wa duka la vifaa, aliyemleta mjukuu wake. "Mimi nataka ada yangu!"

Profesa aliitazama milango, yote imejaa wazazi. Akapanda juu ya kiti cha bwana harusi na kunyoosha mikono.

"Ndugu wazazi! Orodha hiyo ilikuwa ya kuwapima ninyi. Nilitaka kujua kama katika mji huu bado kuna mtu anayejua maana ya kiwango. Ndugu wazazi, mmefaulu!"

Walipiga makofi. Walijipongeza wenyewe kwa wenyewe. Na alasiri alipobandika orodha nyingine, iliyosema kwamba kati ya watoto arobaini amefaulu mmoja tu, na jina lake limehifadhiwa kwa usalama wake, makofi yalikuwa makubwa mara mbili. Fundi simu alifuta machozi. "Huu ndio mtihani," akasema. "Wangu wote watatu chini!"

Kilichofuata Profesa alikihesabu kuwa kazi bora ya maisha yake. Alimwita kila mzazi peke yake kwenye jiko la ukumbi, katikati ya masufuria ya karamu, akafunga mlango.

"Yule mmoja," akanong'ona, "ni wako."

"Wangu!"

"Shh. Usimwambie mtu. Unajua wivu wa majirani. Kuna ada kidogo ya kumtunzia cheti, ukiweza leo."

Waliweza, kila mmoja. Mzee wa duka la vifaa alitaka kumbusu mkono. Fundi simu peke yake ndiye aliyeleta ugumu.

"Kati ya watatu, ni yupi?"

Profesa alikohoa. "Wewe mwenyewe unamwona yupi ana akili?"

"Wa katikati."

"Huyo huyo."

Jioni ile watu walitembea mtaani wakipeana pole, kila mmoja ameficha kicheko chake mfukoni. Ni watoto tu ambao hawakuambiwa siri. Profesa akitoka na mkoba aliona msichana, kimo cha binti yake, ameketi ngazini na karatasi ya namba yake ya mtihani magotini. "Nilijaribu," alikuwa akisema, hakuna anayemsikiliza. Profesa aliijua sauti ile. Ilikuwa yake, ya miaka thelathini na moja iliyopita. Alitazama pembeni, akaongeza mwendo, akajiona mbaya. Alipogeuka aliona Mwalimu mstaafu anashuka polepole, anaketi kando ya mtoto yule. Fedha zote, kwa mkataba, zilibaki kwa Mama Ukumbi mpaka Jumamosi.

Jumamosi asubuhi Profesa alifika chumbani kwa Mwalimu amevaa shati jipya, tayari kutoweka mtaa ule milele. Mezani kulikuwa na bahasha tatu. Moja nene, ya pili nene kiasi, ya tatu nyembamba. Akachukua ile nene.

"Hiyo ni nusu yangu," akasema Mwalimu.

Akachukua ya pili.

"Theluthi yangu, baba," akasema Mama Ukumbi.

Profesa aliishika ile nyembamba kwa vidole viwili. "Hii ni nini? Ya nauli?"

"Ni inayobaki."

"Wazee wangu," akasema Profesa, akitabasamu kwa uvumilivu, "heshima mbele, lakini mimi ni mtu wa vipimo. Nusu na theluthi ni mbili ya tano. Inabaki tatu ya tano. Msinifanye mtoto!"

Mama Ukumbi alifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mwalimu hakucheka. Alitoa ile karatasi ya mkataba, akailaza mezani, akaweka kidole kwenye kona.

"Mbili ya tano ni ndogo kuliko nusu," akasema. "Umechukua nusu, ukaiongeza, ikapungua. Hilo halikukushangaza?"

Profesa aliivuta ile karatasi karibu. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni, aliitazama hesabu ile badala ya kuitetea.

"Watoto waliokosea hivyo ni wengi, nimewasahihisha maelfu," Mwalimu akaendelea. "Lakini ni mmoja tu aliyewahi kuja mezani kwangu kunieleza kwamba jibu lake ndilo sahihi na kitabu ndicho kimekosea. Alisema vizuri mno. Kwa dakika nzima nilimwamini! Halafu akachukua karatasi yake akatoka."

Profesa aliziondoa mvi zile kwa macho, akaiondoa miwani na uzi wake, na nyuma yake akamwona mwalimu mwembamba mwenye chaki mkononi.

"Mwalimu," akasema. "Ni wewe?"

"Nilikuja kwenu mara mbili. Mama yako akasema umepelekwa kwa mjomba. Ningekuelekeza kwa dakika kumi tu, mwanangu. Kumi tu."

Profesa angeweza kubisha na mtu yeyote aliyemkaripia. Hili hakujua alibishe vipi. Akajifanya anahesabu bahasha.

"Nitawashtaki," akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa nani?" akauliza Mama Ukumbi kwa upole. "Kwa wazazi?"

"Wazazi nimeshawapitia nyumba kwa nyumba," akasema Mwalimu. "Nimewaambia ukweli: watoto wote arobaini wamefeli lile swali la nusu na theluthi, hakuna aliyefaulu kwa siri, na kuanzia Jumatatu nawafundisha hapa ukumbini mwaka mzima. Ada imeshalipwa. Nusu ni ya vitabu na chaki na mimi. Theluthi ni kodi ya ukumbi."

"Walikasirika?"

"Watatu wanne wanakutafuta. Kinyozi anasema anataka kumalizia ule upande wa pili. Waliobaki walifurahi mno kusikia wa jirani naye amefeli, wakasahau mengine." Akasogeza ile bahasha nyembamba. "Moja ya sita. Ni haki yako, umeiandika mwenyewe. Ukitaka kujua imetoka wapi, mlango uko wazi. Viti vya nyuma ni vikubwa."

Profesa alipanda mabasi mawili kurudi kwao, bahasha imelala kifuani bila uzito. Ilitosha kununua sare, labda. Haikutosha shule yenye maktaba, hata kwa hesabu zake mwenyewe. Njia nzima alitunga uongo. Alitunga wa aina tatu, mzuri, wa kitaalamu, mmoja ukiwa na safari ya nje ya nchi ndani yake. Lakini kila aliposhika mmoja aliona kidole cha Mwalimu kwenye kona ya karatasi, na uongo ule ukapungua kila alipouongeza.

Mkewe alimtazama usoni mara moja tu, akazima cherehani. Binti alikuwa mezani na daftari la kijani.

"Baba, nisahihishie."

Profesa aliketi. Hakutoa kalamu nyekundu.

"Mama," alimwita binti yake hivyo alipozidiwa, "ile shule, ada sikupata. Na mimi si profesa. Sikumaliza hata shule ya msingi. Nilikimbia kwa sababu ya swali moja la hesabu, na wiki hii mwalimu wangu wa zamani amenikamata nalo."

Aliyasema yote kwa pumzi moja, akakaza macho mezani, akingoja. Alikuwa ameogopa polisi, wazazi, na vinyozi. Hakuna alichowahi kukiogopa kama jibu la mtoto huyu.

Binti aliinuka, akaenda kwenye mkoba wake wa shule, akarudi na daftari lingine. Lilikuwa na jalada la bluu, pembe zimekunjika. Akalifungua kando ya lile la kijani. Kazi zilikuwa zile zile, ukurasa kwa ukurasa. Ila la bluu lilikuwa limejaa tiki za mwalimu wa shule kutoka juu mpaka chini.

"Hili ndilo la shule," akasema. "Hilo la kijani ni lako."

Profesa alifungua kurasa. Miaka mitatu ya mikasi yake myekundu, yote juu ya majibu sahihi.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu darasa la nne. Uliniwekea mkasi kwenye nusu na theluthi. Mwalimu akaniambia anayenisahihishia nyumbani asinisahihishie tena."

"Kwa hiyo siku zote hizi umekuwa unanidanganya?"

"Ulikuwa unafurahi sana, baba."

Mkewe aligeukia dirisha, akajifanya anatafuta uzi. Profesa, aliyekuwa ameuza foleni hewa na semina isiyo na mtu, aliyatazama madaftari mawili yaliyomzidi akili jioni baada ya jioni, akacheka mpaka akalia. Au alilia mpaka akacheka. Hata yeye hakuwa na uhakika wa mpangilio.

"Na ile shule yenye maktaba?" akauliza alipopata sauti.

"Huyo mwalimu aliyekukamata, ana vitabu?"

"Sanduku zima. Na Jumatatu anaanza kufundisha."

"Basi Jumatatu twende wote."

Akavuta kiti karibu, akafungua ukurasa mpya wa daftari la kijani, akaandika nusu, akaandika theluthi, akaweka alama ya kujumlisha katikati. Mkono wa Profesa ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

"Siyo hiyo nyekundu," akasema binti yake. "Shika penseli."